Mtoto wa Nyuma ya Ukuta

Konsolata tumemzika wiki iliyopita. Nilifika msibani Busanza nikiwa nimechelewa, viti vya plastiki vimeshajaa mpaka nje ya geti, wanawake wamejifunga vitenge mabegani na wanaume wamesimama kandokando ya ukuta wakiongea kwa sauti ya chini. Mdogo wake, Divine, ndiye aliyenipokea. Alinishika mkono akakataa kuuachia, akanizungusha kwa shemeji zake na kwa majirani, na kila tulipofika alinitambulisha kwa maneno yale yale: "Huyu ndiye alikuwaga anatusomea kitabu." Hakusema kitabu gani, wala hakusema kwamba siku hizi naviandika mwenyewe. Wageni walitikisa vichwa kwa adabu, nadhani wakidhani niliwasomea Biblia, nami nikawaacha wadhani hivyo. Ningewaelezaje pale, katikati ya rozari, kwamba kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya kutisha ya vijana, yenye onyo nyuma ya jalada kwamba si ya watoto, na kwamba bila kile kitabu wale dada wawili wangeishi miaka yote hii nyumba moja wakiwa na jambo moja wasiloweza kulitamka?

Mwaka nilioisoma riwaya hiyo nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nasubiri nafasi ya chuo, na kusubiri huko Kigali ni kazi isiyo na mshahara. Nikapelekwa Nyakabanda nikamsaidie mama mdogo Zuhura katika saluni yake. Saluni ni neno la heshima; kilikuwa chumba kirefu chembamba kati ya duka la vocha na fundi viatu, chenye viti vitatu, vioo vitatu, benchi la wanaosubiri, na nyuma ya pazia kijichumba cha kulia chakula ambamo jiko la mkaa lilikuwa linachemsha maharage tangu asubuhi. Harufu ya maharage ilichanganyika na ya mafuta ya nazi na ya rasta zilizochovywa maji ya moto, na mpaka leo nikiinusa hiyo harufu njaa inanishika. Wasusi walikuwa watatu. Mama mdogo mwenyewe, Mwislamu wa Kigoma aliyekaa Kigali miaka mingi bila lafudhi yake kupungua hata chembe. Furaha, wa Bukavu, mcheshi, ambaye hakuna habari ya mtaani iliyompita. Na Divine, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, mkimya, mwenye vidole virefu, aliyekuwa akisuka kichwa kizima bila kuinua macho.

Vitabu vililetwa na mteja wetu mmoja Mkenya, Mama Njeri, aliyekuwa karani katika ofisi moja karibu na Gisimenti. Binti yake alikwenda kusoma ng'ambo akaacha katoni nzima. "Chukueni hizi vitabu za Njeri," alisema, akaitua sakafuni kama mtu anayetua nyoka. "Aki mimi siwezi lala na hizo vitu nyumba moja. Nilisoma moja, wiki mzima nikawa nawasha taa nikienda choo." Zilikuwa riwaya za Kiingereza, majalada meusi meusi, na hapakuwa na mizimu wala majini ndani yake. Hofu yote ilikuwa kichwani mwa mtu: msichana anayeanza kutojiamini mwenyewe, nyumba ambamo kila mmoja anatabasamu na hakuna anayesema kweli. Mama mdogo, aliyeona nimekaa tu nakunja taulo zilizokwisha kukunjwa, akaniambia nisome kwa sauti. "Kiingereza chako kimegharimu ada," alisema. "Na sisi tukionje."

Basi nikawa nasoma na kutafsiri papo hapo, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili, na pale mteja alipoonekana kupotea, kwa Kinyarwanda. Maneno nisiyoyajua niliyaruka, lakini Furaha alikuwa na pua ya kuyanusa: "Weye binti, umeruka kitu. Rudia." Haukupita mwezi kukawa na wateja waliokuja kufumua nywele ambazo bado zilikuwa nzuri, ili tu wapate kiti na wasikie sura inayofuata. Tatizo likawa moja ambalo mwandishi yeyote wa vitabu hivyo hawezi kulifikiria, nami tangu hapo sijaacha kulifikiria: wasusi wakiogopa, wanakaza. Msichana wa kitabuni akishika kitasa cha mlango, vidole vya msusi wa upande huu na vya msusi wa upande ule vinavuta nywele kwa pamoja, na mteja analia machozi ambayo hayahusiani na hadithi. Watu walirudi nyumbani nyusi zimepanda juu, wengine wakameza dawa za kichwa. Mama mdogo akatoa amri kwamba sehemu za kutisha zisomwe wakati wa kuosha au kufumua, na za kawaida wakati wa kusuka, nami nikawa napanga hofu kwa kufuata kazi iliyopo kitini. Kulikuwa pia na mama mmoja mtu mzima wa mtaa wa pili, ambaye siku ya kwanza alisikiliza kurasa mbili, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hiyo weka pembeni mpaka nimalize." Niliweka. Hakuna aliyeuliza sababu, na kila alipokuja tena tulifungua redio.

Habari ya Divine niliijua mapema, kwa kuwa kila mtu pale aliijua. Aliisimulia mwenyewe siku moja tukila ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, nyuma ya pazia, akilitazama tonge lake badala ya kututazama. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amebeba mimba. Mwanamume mwenyewe alikwisha oa kwingine. Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, mvua kubwa imefunga njia ya mtaani kwao na gari haliwezi kupanda. Akajifungulia nyumbani, mkononi mwa Konsolata na bibi mmoja jirani aliyehama baadaye. Damu zikamtoka nyingi, akazimia. Alipozinduka alikuwa hospitali na mtoto ameshazikwa. Konsolata akamwambia kwamba alitoka kimya, hakuvuta hata pumzi moja, na jirani yule akasema hivyo hivyo, na mtaa mzima ukashika hayo hayo. "Bote banasema hakulia," Divine alisema. "Miye nilisikia. Kabla nilale, nilisikia." Alisubiri kidogo, kama anampa nafasi mmoja wetu aseme kitu. "Yaya anasema ilikuwa homa. Ati damu ikiisha kwa kichwa mutu anasikiaga vitu." Yaya ndivyo Warundi wanavyomwita dada mkubwa, na Divine alilitamka neno hilo kwa mapenzi, kwani Konsolata ndiye aliyemlea. Hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa adui yake aliyemwambia, asingemwamini. Lakini mtu aliyekulisha tangu utoto akikuambia masikio yako ni mabovu, utamwamini nani? Alikuwa hataki kingine duniani ila kujua kama mwanawe alilia, kwa sababu kama hakulia, basi yeye Divine ana wazimu, na kama alilia, basi alikuwa na mtoto.

Kitabu nilichokitoa kwenye katoni miezi michache baadaye nilikichagua kwa ajili ya jalada lake, dirisha moja tu lenye pazia jeupe. Sikujua kilichomo. Msichana wa miaka kumi na sita anapelekwa kuishi kwa shangazi yake katika nyumba kubwa, na usiku wa kwanza anasikia mtoto mchanga akilia nyuma ya ukuta. Asubuhi anauliza. Shangazi anamimina chai, anamwekea sukari, anamwambia kwa upole kwamba humu ndani hakuna mtoto. Nilipofika hapo niliinua macho ninywe maji, nikaona mikono ya Divine. Furaha alikuwa amekaza mpaka mteja wake anang'ata midomo. Mama mdogo naye alikuwa amekaza. Divine alikuwa amelegea. Vidole vilikuwa bado vinakwenda, kulia, kushoto, kati, lakini havishiki kitu, kama mtu anayesuka hewa.

Wiki haikuisha mteja aliyesukwa na Divine siku ile akarudi, rasta zimechomoka nyuma ya sikio. Mama mdogo alimsuka upya, na mwenye nywele alipoondoka akabaki amelishika lile fungu lililochomoka, analigeuzageuza. Akaniuliza, "Siku ile ulisoma wapi?" Nikamwambia. "Endelea kusoma," alisema, "lakini mtazame." Nikawa namtazama. Kila mtoto wa kitabuni alipolia, mikono ya Divine ililegea. Kila shangazi alipotabasamu na kusema hakuna kitu, ililegea zaidi. Wateja wake wakaanza kunung'unika. Naye, aliyekuwa hajawahi kuniomba chochote, akaanza kufika asubuhi kabla ya wengine, kunipokea ufagio na kufagia mahali nilipokwisha fagia.

"Rehema," aliniambia asubuhi moja, "uniambie tu miye peke yangu. Ile mutoto iko, ama haiko?"

"Bado sijafika mwisho, dada."

"Weye unasomaga mbele. Nakujua."

Ni kweli nilikuwa nimesoma mbele. Nilikuwa nimekimaliza jioni iliyotangulia, nimekaa kwenye ngazi za nje, na mwisho wake ulikuwa mbaya kuliko nilivyoogopa. Kitabu hakisemi kama mtoto yuko. Msichana anafungiwa chumbani, daktari anakuja, shangazi anakuja, wote wanamsihi kwa sauti za upole akubali tu kwamba hakusikia kitu. Na ukurasa wa mwisho anakubali. Anasema hapakuwa na mtoto, anashukuru, wanamfungulia mlango, anatoka nje kwenye jua, na watu wote wanafurahi kwamba amepona. Ndiyo mwisho. Siku hizi, nikialikwa shuleni kuzungumza na vijana, hakosi mzazi mmoja wa kunyoosha mkono aniulize kwa nini nawatisha watoto wao, kama vile dunia haijawatisha vya kutosha. Huwa najibu kwa heshima, nasema haya na yale. Jibu lenyewe hasa ni lile dirisha la jaladani na lile jua la ukurasa wa mwisho. Jioni ile nilikaa kwenye ngazi nikalia, kwa hasira, kwa sababu mtu fulani wa mbali ambaye hakujua kama Nyakabanda ipo alikuwa amemwandika Divine, na alikuwa hana la kumpa.

Nilimwendea mama mdogo nikamweleza mwisho wote. Nikamwambia naweza kuubadilisha. Nani angejua? Kiingereza ni changu peke yangu pale ndani. Nitasema ukuta ulibomolewa, mtoto akatolewa, akanyonyeshwa. Mama mdogo alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Umwongezee na wewe uongo wako?" alisema. "Ameshiba uongo yule. Anatapika."

"Nikisoma kama kilivyo atasema mtoto hayuko."

"Kitabu hakijui, Rehema. Kitabu kitajuaje? Anayejua yuko." Akapuliza makapi. "Wenyewe wanasema ya kale hayanuki. Haya yananuka, na mimi ndiye nayanusa kila siku kwenye kiti changu. Sura ya mwisho usiisome mpaka nikwambie."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Konsolata akaja. Mama mdogo alikuwa amempelekea salamu kwamba atasukwa bure kwa kuwa mdogo wake ni mfanyakazi mwema, na Konsolata, mwanamke mnene mwenye aibu ambaye hakuwahi kujipa starehe yoyote, alikuja na chupa ya maziwa ya mtindi kwa ajili ya asante. Mlango tuliuacha wazi nusu na hatukupokea mteja mwingine. Alitaka mistari myepesi tu ya kurudi nyuma, ule msuko ambao kwetu unaitwa twende kilioni kwa kuwa hauchukui muda. Divine akasimama nyuma yake. Mama mdogo akakaa kwenye benchi, Furaha akakaa karibu yake na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinyamaza bila kuambiwa. "Soma," mama mdogo akaniambia.

Nilisoma bila kuruka neno. Konsolata mwanzoni alikuwa anasikiliza kama mgeni anavyosikiliza, akitabasamu kwenye kioo, akimuuliza Furaha huyu shangazi ni nani. Halafu akaacha kuuliza. Daktari alipoingia chumbani mle kitabuni, Konsolata alikuwa ameshika mikono ya kiti. Alipotaka kugeuza kichwa hakuweza, kwa kuwa nywele zake zilikuwa mikononi mwa mdogo wake, na mikono ile haikuwa imelegea. Ilikuwa imeshika. Nikafika mwisho, msichana akasema hapakuwa na mtoto, akashukuru, mlango ukafunguliwa. Nikafunga kitabu. Nje fundi viatu alikuwa anagonga soli.

"Amedanganya," Divine alisema. "Alikubali ili bamutoe."

Kilichofuata walikisema kwa Kirundi, nami nakiandika kwa Kiswahili kama nilivyokielewa.

"Yaya," Divine alisema, "alilia?"

Konsolata alimtazama kwenye kioo. Uso wake ulikuwa umeloa, na nilimwona akifungua mdomo kulitoa lile jibu la siku zote, la homa na damu. Nilikuwa na hakika atalitoa. Mama mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inakwenda, anasoma dua.

"Alilia," Konsolata alisema.

Divine hakusogea.

"Ulikuwa unaisha damu. Huku wewe, huku yeye, na mvua. Nilijiambia, akijua mtoto yu hai kisha akafa, atamfuata. Nikamwambia yule bibi tuseme hakulia. Halafu ulipopona sikujua tena njia ya kurudi."

"Alilia sana?"

"Hapana. Kidogo kidogo. Mpaka kulipokucha."

Nimeandika vitabu kadhaa tangu hapo, na wasomaji wangu vijana huniandikia kwamba hawakulala. Sijawahi kuandika kitu cha kutisha kama utulivu ule. Nilidhani Divine atapiga kelele, au atamwachia zile nywele atoke nje, na nisingemlaumu; nilikuwa nimemkasirikia Konsolata. Miaka yote tumefundishwa kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nilikuwa nimeegemea upande mmoja wa methali hiyo bila kumtazama yule aliyekaa kitini. Divine ndiye aliyemtazama. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na uso wa dada yake mle kiooni.

"Ulikuwa umembeba wewe?"

"Mimi. Nilimweka hapa." Konsolata akagusa kifua chake, juu kidogo ya titi. "Ulikuwa umelala na moto ulikuwa umezimika. Nilimfunika na sweta langu."

"Mtu habebi mtoto usiku mzima bila kumwita jina. Ulimwita nani?"

Konsolata alitikisa kichwa kadiri nywele zilivyomruhusu. Alikuwa mwanamke ambaye hakuolewa wala hakuzaa, na mtaani walikuwa wakimtania kwa hilo naye akicheka pamoja nao.

"Yaya. Ulimwita nani?"

"Nilimwita mwanangu," alisema. "Nisamehe. Hakukuwa na mwingine anayesikia. Nilikuwa nasema, mwanangu, nyamaza, mwanangu, kunakucha."

Furaha alijifunika uso na kitenge. Mimi nilikuwa nimekibana kitabu kifuani na sikujua niangalie wapi. Divine alibaki ameinama hivyo hivyo, shavu lake limegusa ile nusu ya kichwa iliyokwisha sukwa, na wote wawili wakawa wanalia kwa namna moja, mabega yao yakipanda na kushuka pamoja. Ilichukua muda. Mama mdogo aliinuka, akausukuma mlango mpaka ukafunga, akarudi kukaa.

"Sawa," Divine alisema mwishowe. Alifuta uso kwa kiganja, akatafuta kitana juu ya meza, akakipata. "Basi hakuwa peke yake."

Akaigawa ile nusu iliyobaki mistari minne, akaanza kusuka.